Kabla Gitaa Halijatoka Kwenye Mfuko: Mwongozo wa Pesa na Makaratasi kwa Mwanamuziki wa Shoo Nairobi

Jumamosi moja ya Desemba tulipiga harusi Kiambu hadi saa nne usiku. Watu walicheza mpaka viatu vikavuliwa, na nyanya ya bwana harusi akapita jukwaani kututuza noti za mia mbili mbili mifukoni mwa mashati. Tulipomaliza kukunja nyaya, aliyetuita hakuonekana na simu yake ilikuwa imezimwa. Kamati ya harusi ikasema pesa zote za burudani alishapewa yeye. Nyuma yangu walisimama wanamuziki watano na dereva wa Probox aliyetaka hela ya mafuta, na mkononi sikuwa na hata karatasi moja yenye sahihi ya mtu. Usiku ule niliwalipa kwa akiba ya karo ya mtoto wangu.

Nimepiga besi na kuongoza bendi jijini kwa miaka mingi. Nimeona wapiga solo wa ajabu wakiuza magitaa yao Luthuli Avenue, na karibu wote walishindwa na kodi ya nyumba, wala si muziki. Tangu usiku ule wa Kiambu nina kanuni moja: kila neno kuhusu pesa linasemwa na kuandikwa kabla gitaa halijatoka kwenye mfuko. Yafuatayo ndiyo ninayoyafanya, kwa mpangilio ninaoyafanyia.

Simu ya kwanza: uliza kwanza, bei baadaye

Mteja akipiga simu, swali lake la kwanza ni "Mnachaji ngapi?" Usitaje bei. Ukishaitaja umejifunga, na bado hujui unaitwa Lavington au Loitokitok. Mwambie kwa heshima, "Bosi, nipe dakika tano nikuulize machache, nikutafutie bei ya haki." Halafu shika kalamu.

Uliza tarehe, mahali, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Uliza kama ni ndani au nje, wageni ni wangapi, mitambo ya sauti inaletwa na nani, na kama kuna stima ya kutosha au jenereta. Uliza pia kama kuna DJ na emsii, kwa sababu saa zenu zitaliwa na hotuba za wajomba.

Swali lenye uzito kuliko yote ni: nani analipa? Anayekupigia simu na mwenye pesa mara nyingi ni watu wawili tofauti. Huyu ni binamu, pesa ziko kwa mweka hazina wa kamati. Au huyu ni wakala, pesa ziko kwa kampuni. Taka jina na namba ya mwenye kutoa pesa, na umwandikie yeye pia. Kama ningeuliza hivyo mapema, ningeijua kamati ya Kiambu wiki tatu kabla ya harusi.

Piga hesabu ya shoo moja

Wengi wetu tunataja bei kwa kusikiliza jirani anachaji ngapi. Hujui jirani ana gari lake au anakodi, wala hujui kama anawalipa vijana wake. Hesabu ya kwako ianze na gharama zako.

Tuseme ni harusi Naivasha, bendi ya watu sita. Usafiri wa watu na vyombo, kwenda na kurudi, 12,000. Fundi mitambo 6,000. Ukumbi wa mazoezi mara mbili, 3,000. Maji na chakula cha njiani 3,000. Nyuzi, betri na vyombo vinavyochakaa 2,500. Hapo tayari ni 26,500 na hakuna aliyelipwa kwa kupiga. Kila mwanamuziki akipata 7,000, hiyo ni 42,000 nyingine. Jumla 68,500.

Ukitaja 85,000, bendi inabaki na 16,500 za mfuko wake: kodi, spika itakayoungua siku moja, na miezi isiyo na kazi. Mteja akikubembeleza hadi 60,000 nawe ukakubali kwa kuogopa kumpoteza, umeingia mfukoni mwako na kumchangia harusi 8,500. Watu wako hawatalijua hilo, watakachojua ni kwamba hukuwalipa.

Bajeti ya mteja ikiwa ndogo kweli, punguza kazi badala ya bei. "Mama, kwa 60,000 tutakuja watu wanne na tutapiga kwa muda wa saa mbili." Anapewa anacholipia, na wewe hujajiumiza. Nimegundua kuwa wateja huiheshimu sana sentensi hiyo. Wengi hurudi siku ya pili wakasema, tafuteni wote sita, pesa tutaongeza.

Shoo za kila wiki kwenye baa na mikahawa, ziwe za rumba Ngong Road au mugithi Roysambu, zina hesabu yake. Mwenye baa atapenda kukupa asilimia ya mlangoni au ya mauzo. Usikubali asilimia tupu, kwa sababu mvua ikinyesha Ijumaa saa moja jioni hakuna atakayetoka nyumbani. Taka kiwango cha chini kisichoshuka, kinachofunika usafiri na malipo ya kila mtu, kisha asilimia iwe juu ya hapo. Mkubaliane pia nani anahesabu watu mlangoni. Mimi humweka mtu wangu.

Andika makubaliano

Huhitaji wakili kwa kila harusi. Ujumbe wa WhatsApp ulioandikwa vizuri na kujibiwa ni makubaliano, na mahakama zetu hupokea ushahidi wa kielektroniki ukiambatanishwa na cheti kinachoeleza ulivyoupata na kuuchapisha. Mkikubaliana kwa simu, kata simu kisha uandike yote mliyosema. Huu ndio ninaoutuma:

"Habari za asubuhi, mama. Asante kwa kutuchagua. Tulivyokubaliana jana ni hivi: harusi ni Jumamosi tarehe 5 Desemba, Naivasha. Bendi ni watu sita na fundi mitambo mmoja. Tutafika saa nne asubuhi, tutapima sauti hadi saa tano na nusu, na tutapiga kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni, tukipumzika mara mbili, dakika ishirini kila mara. Saa ya ziada ni shilingi 10,000, inalipwa kabla hatujaendelea. Mitambo ya sauti tutakuja nayo. Stima, jenereta na kibali cha kelele ni upande wenu, pamoja na chakula cha watu saba. Bei ni 85,000. Rubuni ni 42,500 kufikia tarehe 6 Novemba, na tarehe yenu itafungwa siku itakapoingia. Salio la 42,500 litaingia kufikia Alhamisi tarehe 3 Desemba. Mkiahirisha, rubuni itahamia tarehe mpya mradi mtujulishe siku thelathini mapema. Baada ya hapo hairudi. Sisi tukishindwa kuja, tutawarudishia pesa zote ndani ya siku tatu. Kama umeridhika, tafadhali nijibu NIMEKUBALI na jina lako kamili."

Kila sentensi hapo imenigharimu pesa wakati fulani. Ile ya chakula utaiona ndogo hadi siku utakapopiga kwa saa nne nzima ukinusa pilau isiyokuhusu. Ile ya kibali cha kelele ni nzito zaidi. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinafanya kazi, na tangu mwaka 2022 kaunti ya Nairobi imekuwa ikizibana sana klabu zilizo katikati ya makazi. Maafisa wakifika, wanaanza na mitambo iliyo mbele yao, na mitambo hiyo ni yako. Kwa shughuli ya bustanini mtaani, taka kuiona nakala ya kibali siku mbili kabla.

Rubuni ndiyo inayofunga tarehe

Rubuni, yaani dipositi, isipungue gharama zisizongoja. Katika mfano wetu ni 26,500, kwa hivyo nusu ya bei inatosha na kubakisha. Bila rubuni, tarehe iko wazi. Mwambie mteja hivyo bila kuona haya, na mwingine akija na pesa kabla yake, mpe.

Salio nalitaka siku mbili kabla ya shoo. Mila ya zamani ya "tutawamalizia mkimaliza" ndiyo iliyowafukarisha walionifunza kazi hii. Shughuli ikiisha, mweka hazina yuko kwenye gari la maharusi, mjomba mwenye pesa amelewa, na wewe una vyombo vya kubeba. Mteja asipoweza kutuma siku mbili kabla, mkubaliane pesa iingie mkishapima sauti, kabla ya wimbo wa kwanza. Hapo ndipo pa mwisho.

Pokea kwa namba ya Lipa na M-Pesa au Pochi la Biashara, usichanganye na laini yako ya kununulia sukuma. Kwanza, mapato yatakuwa na taarifa yake peke yake mwisho wa mwaka. Pili, hutakula pesa ya mpiga drams bila kujua. Na mtu akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, huo haujawa pesa. Ujumbe wa kweli unakujia wewe kutoka MPESA, si kutoka namba ya mtu, na salio lako linaongezeka. Angalia salio kila mara, hata mbele ya mteja unayempenda.

Watu wako wajue kila kitu mapema

Bendi nyingi za Nairobi hazikuvunjwa na wateja. Zilivunjika ndani ya gari saa nane usiku, mmoja alipouliza, "Kwani tumelipwa ngapi?"

Nikipata kazi, namwandikia kila mwanamuziki ujumbe mmoja: tarehe, mahali, saa ya gari kuondoka, mavazi, orodha ya nyimbo, kiasi chake, na saa atakayolipwa. Anajibu ndiyo au hapana. Akisema ndiyo halafu akapata kazi yenye pesa zaidi, anatafuta wa kushika nafasi yake anayezijua nyimbo, tena mapema. Mwenye gari, mwenye mitambo na anayetafuta kazi wanapata zaidi, na hilo linasemwa wazi wakati bendi inaanza. Kiongozi anayeficha kiasi mteja alicholipa ataonekana mwizi hata kama amejikata yeye ili wenzake walipwe.

Tuzo nazo zina utaratibu. Mwimbaji yuko mbele kwa hivyo noti humwangukia yeye, lakini mtu aliyempagawisha yule mzee akatoa noti huenda ni mpiga ridhimu aliyesimama gizani. Kwetu tuzo zote zinaingia kwenye kikapu kimoja, pamoja na za M-Pesa, na tunagawana sawa kabla hatujaondoka, fundi mitambo akiwemo. Bendi nyingine humwachia mwimbaji nusu. Chagueni mnalotaka, ila mlichague kabla ya shoo ya kwanza.

Walipe watu usiku huohuo. Ukiwa umepokea salio mapema, mnalipana garini. Mpiga drams anayejua atalipwa anafika saa ya kupima sauti bila kusukumwa.

Kazi za kampuni: ankara, eTIMS na KRA

Kampuni, hoteli na mashirika hulipa vizuri, na hulipa kwa kuchelewa. Siku thelathini ni kawaida, sitini si ajabu. Kabla ya kupiga taka ile hati ya kuagiza kazi ambayo ofisi huiita LPO, ikiwa na tarehe na kiasi. Ahadi ya mtu wa masoko haimfungi mhasibu. Tafuta pia jina la mtu wa hesabu anayelipa, umjue mapema, na bado udai rubuni hata kama ni theluthi moja.

Watakudai ankara ya eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Tangu Januari 2024, biashara isiyo na ankara ya eTIMS kwa gharama fulani haiwezi kuiondoa gharama hiyo kwenye hesabu ya kodi yake, ndiyo maana mhasibu hatalegea hata ukimlilia. Mwanamuziki asiyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani anaweza kutumia eTIMS Lite kupitia eCitizen au kwa kupiga *222#. Fanya usajili leo ukiwa umetulia, si siku mhasibu anapokuambia malipo yanafungwa saa kumi. Mkitaka kutumia jina la bendi, lisajilini kama jina la biashara kupitia eCitizen, kisha mfungue akaunti ya benki kwa jina hilo. Kazi kubwa hukosekana kwa sababu hundi haiwezi kuandikwa kwa jina la utani.

Kampuni ikiichukulia kazi yako kuwa huduma ya kitaalamu, itakukata 5% na kuipeleka KRA. Kwa ankara ya 85,000 utapokea 80,750. Zile 4,250 hazijapotea. Ni kodi uliyolipa mapema. Taka cheti cha makato, kwa maana ndicho kitakachokurudishia haki yako kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA.

Ritani ya mwaka, yaani fomu ya kutangaza mapato yako kwa KRA, inawasilishwa kufikia tarehe 30 Juni kwa mapato ya mwaka uliopita. Ukichelewa, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au 5% ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa. Wengi wetu tunaogopa fomu hii bila sababu. Kodi ya mapato ya kawaida inatozwa kwenye faida, yaani mapato baada ya kuondoa nyuzi, usafiri, fundi na malipo ya wenzako, mradi una stakabadhi zinazokubalika. Na ikiwa faida yako ya mwaka mzima haizidi 288,000, nafuu ya kodi ya 2,400 kwa mwezi inafuta kodi yote. Kama ulikatwa 5% na kampuni, basi ni wewe unayeidai KRA. Nimemwona kijana akikimbia mamlaka miaka mitatu huku ana elfu kumi na nane zake ndani ya mfumo. Shoo zikikua hadi mauzo ya milioni 5 kwa mwaka, hapo unalazimika kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, na wakati huo tafuta mhasibu wa kweli.

Nyimbo zako mwenyewe

Kama unapiga nyimbo za watu tu, ruka hapa. Kama unatunga, kuna kifungu cha sheria ya hakimiliki ya Kenya ninachotamani kila mtunzi akijue: kazi uliyoagizwa kuitunga inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmeandikiana vinginevyo. Kampuni ikikuagiza wimbo wa tangazo, au maharusi wakikuagiza wimbo wao, bila maandishi wimbo ule si wako tena. Sentensi moja inatosha: "Mtunzi anabaki na hakimiliki, mteja anapewa ruhusa ya kuutumia wimbo kwa tangazo hili, kwa mwaka mmoja."

Siku wimbo unapokamilika, kaeni mwandike nani ametunga maneno, nani sauti, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Wekeni sahihi. Sajilini wimbo KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya nyimbo, hukusanywa na vyama. Kwa miaka mingi vilikuwa MCSK kwa watunzi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji, KAMP kwa wenye rekodi. Kwa hivyo anayetunga na kupiga ana haki pande mbili. Leseni za vyama hivi hutolewa na KECOBO kwa muda, na zimewahi kufutwa, hivyo angalia kwanza nani ana leseni mwaka huo. Na mtu akija na kamera kurekodi shoo nzima ili airushe hewani, anahitaji idhini yenu. Mpangieni bei yake.

Asiyelipa

Mpigie simu mara moja kwa upole. Kisha mwandikie: kiasi, tarehe ya shoo, makubaliano yalivyokuwa, na siku ya mwisho, tuseme siku saba. Usimtukane wala usimwanike mitandaoni. Picha za matusi yako zitasomwa mbele ya hakimu kabla ya deni lake.

Siku saba zikiisha, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ilianza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku sitini. Peleka ujumbe wa makubaliano, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha rubuni, picha za siku ile, na barua yako ya kudai. Dai la mkataba lina miaka sita kabla ya kufa, ila usingoje. Mashahidi husahau na mawakala huhama ofisi.

Mimi nilikwenda mara moja, kwa deni la 55,000 la mwandalizi wa matamasha. Alilipa siku nne baada ya kupokea hati za mahakama, kabla ya kusikilizwa.

Januari

Kazi zetu hujaa Agosti na Desemba, zikapungua Kwaresima na Ramadhani, na Januari simu haiiti kabisa. Kwa hivyo kutoka kila shoo ninaweka kando 10% ya sehemu yangu, na Desemba 20%, kwenye akaunti isiyo na kadi. Humo ndimo mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali, hutoka, ambao kwa asiye na mshahara wa mwezi hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja: 2.75% ya mapato, usiopungua 300 kwa mwezi. Mwaka ule mpiga kinanda wetu alivunjika mkono, tulichanga kwa kikundi cha WhatsApp hadi usiku wa manane, na hazikutosha.

Wiki ya pili ya Januari nafungua daftari la mwaka uliopita na kuwapigia wateja wote waliolipa kwa wakati. Nawatakia heri ya mwaka mpya, nauliza hali ya watoto, na kama kuna ruracio (sherehe ya mahari) au harusi inayokuja. Wanaotaka Agosti nawaandikia ule ujumbe siku hiyohiyo.